Umefunga geji mpya ya temperecha kwenye lori la zamani na mshale haueleweki? Anzia hapa

Kitu cha kwanza ambacho watu wengi hawakijui, na ndo kinawapotezea siku nzima chini ya boneti: geji haipimi joto la injini. Inapima joto la kitu kinachogusa ncha ya sensa, basi. Ncha ikiwa ndani ya maji yanayozunguka utaambiwa joto la maji, ikiwa kwenye hewa utaambiwa joto la hewa, ikiwa imejificha ndani ya adapta ndefu ambako maji hayafiki utaambiwa joto la chuma cha adapta. Kwa hiyo kila mshale ukifanya maajabu jiulize maswali mawili kabla hujalaumu injini wala aliyekuuzia geji: ncha imekaa wapi, na ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye negativu ya betri) inatoka wapi. Mengi kati ya ninayoyaeleza hapa chini yanaishia kwenye maswali hayo mawili.

Nalisema hili kwa uchungu kwasababu lori langu la kwanza lilikufa hedi (kichwa cha injini) huku geji ya kiwandani iko katikati kabisa. Hozi ya chini ilipasuka, maji yakaisha taratibu, sensa ikabaki inapigwa na mvuke tu badala ya maji, mshale ukatulia kama hakuna kitu, nilikuja kustuka nguvu imepungua na harufu ya chuma cha moto imeingia kabini. Tangu hapo lori lolote la zamani nikilishika lazima nilifunge geji ya pili, yenye namba, na lazima nijue ncha yake iko wapi.

Sasa tuingie kazini. Kabla ya yote injini ipoe kabisa, usifungue mfuniko wa rejeta wa moto hata siku moja, maji yale yamebanwa na presha na ukifungua yanalipuka usoni. Na ukianza kugusa waya toa kwanza nyaya ya negativu ya betri.

Jua una geji ya aina gani

Kuna mbili. Ya kwanza ni ya mekanika, hii haina umeme kabisa wa kupimia, ina kibomba chembamba cha shaba kilichoungana moja kwa moja na geji na mwisho wake kuna balbu inayoingia kwenye maji, ndani kuna kimiminika ambacho kikipata joto kinasukuma mshale. Umeme wake ni wa taa tu. Ya pili ni ya umeme, ina sensa ndogo kwenye injini na waya unaokuja mpaka dashibodi, nyuma ya geji kuna vituo vitatu ambavyo mara nyingi vimeandikwa I au alama ya jumlisha (umeme wa swichi), S (sensa) na G (ethi), na taa yake inakuwa peke yake.

Ya mekanika kuitafutia ugonjwa ni rahisi: kama mshale hausogei kabisa, kile kibomba kimepinda hadi kikabana, kimekatika, au kimesuguliwa na bati pale kinapopita kwenye ukuta wa injini na kimiminika kimetoka. Hakiungwi. Hakikatwi kufupishwa. Ukiona kuna mtu anataka kukikata kwa sababu ni kirefu mzuie hapo hapo, kilichozidi kizungushe duara kubwa kubwa ukifunge sehemu isiyotikisika, mbali na manifoldi ya ekzosi. Tundu la ukutani liwekewe mpira. Kupima chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza balbu, mshale uende karibu na 100. Ukiwa sehemu ya juu usishangae isifike, maji yanachemka mapema kadiri unavyopanda, karibu nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300, yani mita 1500 juu ya bahari tegemea 95 hivi. Kwenye maji ya moto hausogei? Hiyo geji imekufa, nunua nyingine.

Yaliyobaki mengi ni ya geji ya umeme, maana huko ndo kuna vita.

Mshale haunyanyuki kabisa

Rudisha nyaya ya betri, washa swichi bila kuwasha injini. Chukua mita ya kupimia umeme, pima kituo cha I na G nyuma ya geji. Unatakiwa uone volti za betri, 12 na kitu au 24 na kitu kutegemea lori. Kama hakuna, angalia fyuzi (ile waya ya umeme iwe na fyuzi ndogo, ampea 3 hadi 5 inatosha), kisha ona kama uliunga kwenye waya ambao unapata umeme swichi ikiwa imewashwa. Watu wengine wanaunga kwenye waya wa redio au wa taa alafu wanashangaa mchana geji imelala.

Umeme upo? Nenda kwenye sensa, chomoa waya wake, uguse ule waya kwenye chuma safi cha injini sekunde moja au mbili, mwenzako aangalie dashibodi. Kwenye geji nyingi za mshale za sensa ya waya mmoja, mshale utaruka mpaka upande wa moto. Ukiruka, geji nzima na waya nzima, tatizo ni sensa au ethi ya sensa. Usiporuka, rudia jaribio lile lile kwenye kituo cha S nyuma ya geji yenyewe: ukiruka pale basi waya umekatika katikati ya safari, usiporuka hata pale geji ndo mbovu. Jaribio hili moja linakuokoa kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Ila kama geji yako ni ya kisasa, yenye sensa ya waya mbili na soketi, usipige waya kwenye ethi, fuata karatasi iliyokuja nayo.

Mantiki yake ni hii: sensa ni kipande ambacho ukinzani wake unashuka joto likipanda. Baridi ina mamia ya omu (kipimo cha ukinzani) au zaidi, moto inashuka kwenye makumi. Waya ukikatika ni kama ukinzani usio na mwisho, geji inadhani injini ni baridi kama barafu. Waya ukipiga ethi ni kama hakuna ukinzani, geji inadhani injini inaungua. Ukiishika hii kichwani kila dalili utaisoma mwenyewe.

Ukiwasha swichi tu mshale unaenda mwisho wa moto

Injini imelala usiku kucha na mshale uko 120. Chomoa waya kwenye sensa. Mshale ukishuka, sensa imepiga shoti ndani, au sio ya geji hiyo. Usiposhuka, waya umechunika mahali na unagusa bodi, fuatilia hasa pale unapopita kwenye ukuta wa injini, karibu na pedeli, na pale ulipobanwa na kava la dashibodi. Nimeshakuta pia mtu kachanganya S na G nyuma ya geji, angalia na hilo.

Mshale unacheza ukiwasha taa, indiketa, au ukikanyaga mafuta

Ethi. Hapa usihangaike na kitu kingine mpaka umalizane na ethi. Lori la zamani limepakwa rangi mara tatu, bati lina kutu, kabini imekalia mipira, na ile nyaya nene ya ethi kati ya injini na chasisi imeoza kwa ndani huku nje inaonekana nzima. Ukiunga ethi ya geji kwenye skrubu yoyote ya dashibodi unashirikiana njia na taa, indiketa na waipa, kila kimoja kikiwaka kinavuta volti na mshale unafuata.

Pima hivi: mita kwenye volti ndogo za DC, ncha moja kwenye G ya geji, nyingine kwenye nguzo ya negativu ya betri, washa taa zote, injini inanguruma. Ukiona zaidi ya 0.1 au 0.2 ethi ni mbovu. Rudia kati ya mwili wa sensa na negativu ya betri. Huku ndo wengi hawapimi kabisa. Dawa ni kuvuta waya wa ethi wa geji peke yake mpaka kwenye ethi kuu, na kufunga nyaya mpya nene kati ya bloku ya injini na chasisi, na sehemu zote ukwangue rangi mpaka uone chuma kinang'aa. Kama ethi ya taa ya geji uliiunganisha pamoja na ethi ya geji, zitenganishe.

Kama ethi zote ni safi na mshale bado unapanda na mizunguko ya injini, pima volti za chaji. Kwenye mfumo wa volti 12 zikipita 14.8 hivi regyuleta ya altaneta inaomba kubadilishwa, na geji ndo imekusaidia kuligundua.

Inasoma chini kuliko ukweli

Hii ndo naiogopa kuliko zote maana inakutuliza wakati injini inachemsha. Na sababu zake ni nyingi.

Ya kwanza, ile tepu nyeupe ya nyuzi. Sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia nyuzi zake, ukiizungushia tepu raundi tano umeweka kizuizi kati yake na injini, ukinzani unaongezeka, geji inasoma baridi. Sensa nyingi zina nyuzi za koni zinazojibana zenyewe, hazihitaji tepu. Ikivuja paka silikoni kidogo sana au gundi ya nyuzi kwenye nyuzi za katikati tu alafu upime ethi tena kwa mita.

Ya pili, adapta ya kwenye hozi. Ule mkebe wa alumini unaokatiwa katikati ya hozi ya juu ya rejeta ni rahisi kufunga ila una matatizo mawili. Umezungukwa na mpira pande zote kwahiyo hauna ethi kabisa mpaka uuvutie waya wake (nyingi zina kitundu cha skrubu kwa kazi hiyo). Na hata ukiwa na ethi nzuri, uko nje ya themostati (valvu inayofunguka maji yakipata moto): injini ikianza kupata moto maji hayapiti kwenye hozi ile mpaka themostati ifunguke, kwa hiyo mshale utalala chini dakika kadhaa alafu utaruka ghafla. Hiyo ni tabia yake, sio ubovu. Ila fikiria themostati ikigoma kufunguka kabisa: injini inaungua na geji yako inakuonyesha hozi ya baridi. Ndo maana mimi napendelea tundu la kwenye hedi au kwenye nyumba ya themostati upande wa injini. Lori nyingi za zamani zina plagi ya chuma pale, inafunguka kwa spana na mafuta ya kulainisha na uvumilivu. Hozi ya chini usifunge kabisa, pale maji yameshapozwa na rejeta.

Ya tatu, ncha haifiki kwenye maji. Watu wanaunga adapta juu ya adapta au wanatia kiungo cha T ili sensa ya zamani na mpya zikae tundu moja, matokeo yake sensa iko sentimita nne nje ya mkondo, kwenye kona ambayo maji yamesimama. Itasoma chini na itachelewa. Hali hiyo hiyo kwenye bomba la hita kama valvu ya hita imefungwa, maji hayatembei, hakuna cha kupima.

Ya nne ni ya malori ya zamani hasa na inawachanganya hata mafundi: magari kadhaa ya enzi zile yana kidude nyuma ya dashibodi kinachopunguza volti kwa ajili ya geji za kiwandani, kingine volti 10, kingine 5. Ukichukua umeme wa geji mpya kwenye waya huo haitapata chakula chake. Vuta umeme kwenye boksi la fyuzi.

Na ya tano, labda geji inasema kweli. Themostati imeng'olewa (kuna fundi akiona injini inachemsha anaitoa na kuitupa) au imekwama wazi, maji yanapozwa kupita kiasi na injini kweli iko nyuzi 65. Rudisha themostati. Injini ya dizeli ikikaa baridi inakula mafuta na inachakaa, hilo sio jambo la kujivunia.

Inasoma juu kuliko ukweli

Sensa na geji sio ndugu, hiyo ndo sababu ninayokutana nayo zaidi. Kila geji imetengenezwa kwa sensa yenye kipimo chake cha ukinzani, ukichukua geji ya kampuni hii ukafunga sensa ya ile kwa sababu tu nyuzi zimeingia, namba utakazoziona hazina maana yoyote. Vivyo hivyo usiiunge geji mpya kwenye sensa ya zamani inayolisha geji ya kiwandani, zote mbili zitasema uongo kwa pamoja. Kila geji na sensa yake.

Angalia pia kama uso wa geji ni wa Farenhaiti. Nimeshapigiwa simu usiku na mtu mwenye hofu kweli, injini iko 180, nikamwambia asome kile kiherufi kidogo chini: 180 za Farenhaiti ni 82 za Selsiasi, injini ilikuwa na afya tele.

Lori la volti 24 nalo litajwe. Geji ya volti 12 ukiipa 24 itasoma vibaya kwa muda mfupi alafu itaungua. Na usiibe volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, betri zitachajika bila usawa na utaziua zote. Nunua geji ya 24 au weka kipunguza volti.

Kuhakikisha, tumia kipima joto cha mionzi, kile cha kulenga kama bunduki. Kilenge kwenye chuma pale pale sensa ilipofungwa, ila sio kwenye chuma kinachong'aa, kitakudanganya kwa kusoma chini sana, bandika kipande cha tepu nyeusi au paka rangi nyeusi kwanza. Tofauti ya nyuzi 5 kati yake na geji ni kawaida. Tofauti ikifika 20 rudi kwenye ethi na sensa.

Unapanda na kushuka ghafla

Kama ni siku ya kwanza tangu ufunge sensa, ni hewa. Ulimwaga maji, ukajaza, kukabaki mfuko wa hewa juu ya hedi, kila unapopita kwenye ncha mshale unaruka. Paki lori pua ikitazama juu, fungua hita mpaka mwisho, mfuniko wa rejeta wazi wakati injini bado ni baridi, washa, iache sailensi (ingurume bila kukanyaga mafuta), ongeza maji taratibu hadi themostati ifunguke na mapovu yaishe. Nyingine zina skrubu ya kutolea hewa, itumie.

Mapovu yakikataa kuisha baada ya siku mbili, hozi ya juu inakuwa ngumu dakika chache baada ya kuwasha asubuhi na maji yanapungua bila kuonekana yanapovujia, hapo shuku gasketi ya hedi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Hilo geji haijalileta, imelifichua tu.

Geji nzima, mshale unapanda kweli

Ukishajiridhisha na ethi na sensa, mwamini mshale. Themostati nyingi zimepigwa chapa 82 au 88, zinaanza kufunguka hapo na zinamaliza nyuzi 10 hadi 15 juu yake, kwahiyo kuona 82 mpaka 95 kulingana na mzigo ni sawa, mlima mrefu na mzigo kamili ukagusa 100 afu ikashuka ukivuka kilele sio msiba. Mfuniko wa rejeta wa presha ya baa 0.9 unapandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu 118, na kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) inakisogeza mbele zaidi, ila hiyo sio ruhusa ya kuendesha huko.

Angalia inapanda lini. Ikipanda ukiwa umesimama au kwenye foleni na ikashuka ukipata mwendo, ni hewa haipiti: feni, klachi ya feni, mkanda umelegea, ile kava ya kuzunguka feni imepotea. Ikipanda mwendo mkubwa na mlimani lakini foleni iko poa, ni maji hayapozwi vya kutosha: rejeta imeziba ndani au mapezi yamejaa matope, wota pampu imeliwa, au hozi ya chini inanyonywa na kubanana kwenye mizunguko mikubwa kwa sababu springi yake ya ndani imeoza. Hiyo ya mwisho utaiona tu mtu akikanyaga mafuta ukiwa umesimama pembeni na boneti wazi.

Na ukizima lori la moto ukawasha tena baada ya dakika tano ukakuta mshale umepanda juu kuliko ulipouacha, usikimbilie ndoo ya maji. Pampu ilisimama, chuma cha hedi kikaendelea kumwaga joto kwenye maji yaliyotulia pale sensa ilipo. Iache inguruma sailensi dakika moja mbili, itashuka yenyewe. Isiposhuka, zima, subiri ipoe, na ndo ukaangalie maji.